Aliyelichana Alishone

Wajukuu zangu mnaojifunza cherehani, polisi akija kupimwa suruali, kabla hujamzungushia futi kamba mwambie apumue. Wote wanabana pumzi. Koplo anabana, sajenti anabana, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo pumzi inavyozidi kubanwa, maana na tumbo nalo linakuwa limepandishwa. Ukimpima hivyo hivyo, utamshonea mtu mwembamba ambaye hayupo duniani, na kesho yake atakuja na kifungo mkononi akisema, mama, umeniharibia. Mimi nilikuwaga nawauliza habari za watoto. Hakuna mtu anayeweza kujibu habari za watoto huku amebana pumzi. Akisema tu "hawajambo," tumbo linashuka lenyewe, napima.

Nimezaliwa Buswahili, kazi nikajifunzia Musoma, na maisha yangu yote ya ufundi yakaishia hapa Bunda. Sare za polisi hatuzishoni sisi. Zinatoka huko zinakotoka, zimekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na kila askari anayepewa anagundua kwamba huyo mtu mmoja siyo yeye. Ndipo wanakuja kwetu mafundi wa mtaani: punguza hapa, achia hapa, hamisha kifungo, bandika V za cheo. Nusu ya meza yangu ilikuwaga kaki. Kwa hiyo ninayotaka kuwasimulia msidhani yanasemwa na mtu anayewachukia polisi. Bati la nyumba yangu limetoka kwenye viuno vyao.

Aliyenifundisha ni Mzee Bwire, Mjita mmoja aliyekuwa na kibaraza chake Musoma, mtu wa maneno machache na macho makali. Nilipokuwa bado mgeni wa kazi aliniachia shati la koplo aliyepanda cheo siku hizo, nibandike V. Nikazibandika zikitazama juu, kama paa la nyumba. Yule koplo akaenda nalo gwaride bila kujitazama, na mkubwa wake akamuuliza kama amehamia idara ya ujenzi. Aliporudi, nilitegemea kupigwa rula. Mzee Bwire hakunipiga. Alinipa wembe nifumue, akaniambia cheo ni uzi tu, binti, usikiogope na usikidharau.

Lakini siku nyingine nilikosea gauni la mtu, nikaficha kosa kwa pasi. Nikalikandamiza mpaka likaonekana zuri. Mzee Bwire akalichukua, akavuta pembeni kwa vidole viwili, na gauni likaachia mbele ya mwenyewe. Hapo ndipo aliposema neno nililolibeba mpaka leo: uongo hauna pindo, ukiuvuta kidogo unafumuka wote.

Sasa, habari yenyewe.

Kulikuwa na kituo cha polisi, jina naliacha, maana mkilijua mtakwenda kuchungulia. Kidogo tu, kaunta moja, benchi moja, na bango kubwa linalosema huduma zote ni bure. Kulikuwa na sajenti pale, na jina lake nalo naliacha. Mtaani tulimwita Pasi kwa sababu ya mistari ya suruali yake. Ungeweza kukatia nyanya. Katika wateja wangu wote wa kaki, huyu ndiye alikuwa mzuri kuliko wote. Ananipa shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Analipa kabla hajavaa. Nilipoumwa mguu alikuwaga akipita ananiuliza unaendeleaje. Nawaambia haya mapema kwa sababu ninyi vijana mnadhani mtu anayepiga watu ana sura yake maalumu. Hana. Anakuwa amenyoosha nguo na anakuuliza habari ya mguu.

Na kulikuwa na Magesa, mkulima wa Nyamuswa, pamba kidogo na ng'ombe kidogo. Mpole kabisa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, kuuliza. Ukimtajia bei ya kitambaa anauliza imepanda kwa nini. Padre akitangaza mchango, Magesa anasimama anauliza ni wa nini, na akishajibiwa anatoa kuliko wote. Hakuwa mbishi. Alikuwa anapenda kujua tu.

Siku moja alikuwa anaswaga dume lake kwenda mnadani. Pasi na wenzake walikuwa wamesimamisha gari njiani wanakagua vibali vya mifugo. Magesa akatoa kibali. Wakakisoma, wakakikunja, wakamrudishia, kisha wakamwambia apande gari. Akauliza kosa lake ni lipi. Wakamwambia atalijua mbele. Akauliza tena, maana mbele ni mbali na yeye alitaka kulijua pale pale. Basi hapo kosa likapatikana: kuuliza mara mbili.

Aliingia kituoni mikono yote miwili ikifanya kazi. Kesho yake mchana wakamtoa, hakuna shtaka, hakuna maelezo, na mkono wa kulia unaning'inia kama wa nguo iliyoanikwa. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na bega. Hospitali walifanya walichoweza, lakini mkono ule haujawahi kupanda tena kupita kifua.

Kituoni walisema alianguka kutoka kwenye gari. Ndugu zake walipokwenda kuuliza, wakaambiwa aliteleza chooni. Mwenyekiti wa kijiji naye alipokwenda, akaambiwa kwamba Magesa alipigwa teke na dume lake mwenyewe, dume ambalo wapita njia walilifikisha mnadani, na saa hiyo lilikuwa limefungwa kwenye mti kule, watu wanaliona. Watu wa huku tunaangukaga, sikatai. Lakini mtu mmoja kuanguka sehemu tatu tofauti kwa jioni moja, hata mlevi hawezi.

Nyangeta, mke wa Magesa, alifika kwangu juma lililofuata. Akateremka kwenye bodaboda na kifurushi cha kanga kwapani, akaketi kwenye benchi langu, akafungua. Lilikuwa shati la bluu ambalo nililishona mimi mwenyewe, Magesa alivae kwenye kipaimara cha binti yao. Mkono wa kulia ulikuwa umeng'oka begani. Mgongo ulikuwa umepasuka kutoka kwenye kola mpaka karibu na pindo. Alikuwa ameshalifua, lakini damu haitokagi yote kwenye bluu, inabaki kama chai iliyomwagika.

Nikampa pole. Nikamwambia aliache tu, nitalishona, na sitaki kitu.

"Sikukuletea ulishone, dada," akasema. "Nimekuja kukuuliza kama linashoneka."

Nikalitandaza mezani nikalikagua, na nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi leo. Nguo iliyoachia kwenye mshono siyo ya kuogopa, kilichokatika ni uzi, unaweka uzi mwingine. Nguo iliyopasuka kitambaa chenyewe nayo inashonwa, ila kovu linabaki, hakuna fundi wa kulifuta. Shati la Magesa lilikuwa na yote mawili. Nikamwambia linashoneka.

"Basi atalishona aliyelichana."

Akalikunja, akafunga kanga yake, akaondoka. Nikadhani ni uchungu unaosema, utapoa.

Haukupoa. Tangu hapo kila siku ya mnada Nyangeta alikwenda kituoni. Mengine nilisikia kwake na mengine kwa vijana wa bodaboda, ambao hakuna mahali wanakosekana. Anaingia, anasalimia wote kwa heshima, anatandaza shati juu ya kaunta, mgongo ukitazama juu, anasema amelileta lishonwe na aliyelichana. Halafu anasubiri. Hatukani, halii. Mara ya kwanza walicheka wakamwambia kituo siyo duka la fundi. Akasema anajua, ndiyo maana hakuja na kitambaa. Safari nyingine wakamwambia jambo kama hilo linahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Akaomba hiyo PF3, wakasema zimeisha. Akauliza zitakuja lini, wakasema aulize juma lijalo. Akawashukuru. Juma lililofuata akauliza.

Siku moja koplo wa zamu alichoka, akamtishia kumweka ndani kwa kusumbua ofisi. Nyangeta akavua viatu pale pale, kama wanavyoamriwa mahabusu, akasema wamweke tu, ila waandike vizuri vitu alivyoingia navyo: kanga mbili, viatu, na shati moja la mume wake limechanwa. Koplo akachukua kalamu. Akafikiria mstari unaofuata, mahali pa kuandika limechanwa na nani. Akairudisha kalamu mfukoni, akamwambia mama, vaa viatu uende nyumbani.

Habari ikaingia mnadani. Watu wa mnada hawana vurugu, wana adabu mbaya tu. Askari akienda kununua nyanya, mama muuza anampimia, anamfungia, anampa chenji, kisha anauliza taratibu, afande, lile shati limefikia wapi? Akienda kunyoa, kinyozi anamuuliza akiwa na wembe shingoni. Akipanda bodaboda anaulizwa njia nzima. Hakuna aliyemtukana askari yeyote, na hakuna sheria niijuayo inayokataza kuulizia shati. Magesa alipigwa kwa ugonjwa wa kuuliza, na sasa Bunda nzima ilikuwa imeambukizwa.

Ikafika wakati tukatangaziwa kwamba kamanda atakuja kutoka Musoma kusikiliza kero za wananchi. Mkuu wa kituo alikuwa mteja wangu pia. Suruali zake nilishaziachia mpaka nikafika mwisho wa kitambaa. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaonekane sawa. Nyasi zikafyekwa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Hata zile PF3 zilizoisha zikapatikana, bunda zima. Kikabaki kitu kimoja kisichofyekeka wala kupakika chokaa, Nyangeta.

Mkuu akamwita ofisini, akampa kiti, akampa soda, na akampa shati jipya jeupe bado liko kwenye nailoni yake. Nyangeta akalishika, akalisifia kitambaa. Akasema ni zuri sana, ila halijachanika, kwa hiyo siyo lenyewe. Akalirudisha mezani.

Mkuu akaona anapoteza muda. Akamwita Pasi mbele ya wenzake. "Ni shati tu hilo," akamwambia. "Nenda kalishone, liishe kabla kamanda hajafika."

Siku moja kabla ya kulishona, Pasi alikuja kwangu peke yake. Amevaa kiraia na kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi ili asijulikane, lakini suruali ameipiga pasi kama kawaida yake, kwa hiyo alijulikana tangu stendi. Mkononi ana sato mkubwa wa Kibara, bado analegea. Akaniamkia, akaniuliza mguu, akaweka samaki juu ya meza. Kisha akaniomba nilishone mimi lile shati, tukimwonyesha Nyangeta tuseme kalishona yeye.

Ninyi mtasema ningekataa palepale. Hamjui meza tupu. Nusu ya kazi yangu ilikuwa ya hawa watu, na leseni yangu ya biashara ilikuwa na kasoro kama leseni za watu wote. Nilimtazama nikaona anaogopa, na mimi naogopa. Nikamkumbuka Mzee Bwire na vidole vyake viwili. Nikamwambia mwanangu, mtu yeyote anayejua nguo akiona mshono wangu ataujua, na Nyangeta amevaa mishono yangu tangu harusi yake. Njoo kesho nikufundishe. Kushona siyo kugumu.

Akaondoka, samaki akamwacha mezani. Samaki nilimla. Sato wa Kibara hana kosa.

Kesho yake wakaja wote wawili, yeye na Nyangeta. Nyangeta akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, akiangalia. Nikamkalisha Pasi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Mtu mrefu, magoti yakagonga meza. Kutunga uzi peke yake kulimtoa jasho. Mkono uliozoea kirungu unaona tundu la sindano kama dharau. Nikamfundisha aulowanishe uzi kwa mate, aukate mshazari, aupeleke polepole. Akaanza kukanyaga, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota chini ukawa kiota. Nikamwonyesha kulisukuma gurudumu kwa mkono kwanza, mguu ufuate. Wanawake waliokuja kuchukua magauni yao wakakumbuka hawana haraka. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki. Kibaraza kikajaa, na hakuna aliyecheka kwa sauti. Nawapongeza, mimi nilikuwa nimejiuma mdomo kwa ndani.

Akaunganisha mkono. Alipomaliza akaunyanyua kwa fahari kidogo, nikaona ameshona tundu la bega lote limezibika. Mtu angelivaa shati lile, mkono wake ungebaki ndani kama wa maiti.

Nikampa wembe. Nikamwambia afumue, taratibu, asije akalichana tena.

Kufumua kunachukua muda, na kazi ya mikono inalegezaga ulimi, mtaligundua hilo wenyewe kwa wateja. Pasi alikuwa ameinamia shati, anakata uzi mmoja mmoja. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba siku ile alikuwa ameagizwa.

"Sikuulizi hilo," Nyangeta akasema. "Nakuuliza, mkiwa mnampiga alikuwa anasema nini?"

Wembe ukasimama. Nasikia mbuzi wa jirani anatafuna.

"Alikuwa anauliza kosa lake."

"Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini?"

Pasi akalitazama lile shati. "Halikuwepo, mama," akasema.

Nyangeta akajifunika uso kwa kanga, na mara ya kwanza tangu jambo lile lianze nikamwona analia, bila sauti, mabega tu. Pasi naye akawa amekaa pale na wembe wake hajui aushike au auweke. Nilikuwa nimewahi kumpima yule mtu mara nyingi, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona hajabana pumzi.

Nikamwambia aendelee kufumua.

Akashona upya, mkono ukaingia mahali pake. Mgongo ukaenda ukipinda kama barabara ya mlimani, lakini ukafungika. Akakata uzi, akalipiga pasi, hilo alilijua vizuri kuliko mimi, akalikunja akampa Nyangeta kwa mikono miwili. Akamuuliza kama yameisha.

Nyangeta alikuwa amekwisha kujifuta uso. "La shati limeisha," akasema. "Sasa twende kwenye mkono."

Siku ya kamanda uwanja ulijaa. Mkuu wa kituo aliketi mbele, suruali imebana, anatabasamu. Watu wakasema kero zao za maji, za fisi, za barabara ya Kibara. Zamu ya Nyangeta ilipofika, alisimama na shati, na Magesa akasimama pembeni yake na ule mkono wake. Akaeleza kwa kifupi. Kamanda akamgeukia mkuu wa kituo, akamwomba maelezo. Mkuu akasema mtu huyu alianguka mwenyewe kutoka kwenye gari, uchunguzi ulishafanyika na jalada lilifungwa. Hapo angeketi, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amelipania lile jambo, alitaka sifa ya kulimaliza. Akaongeza kwamba hata hivyo, kwa kujali wananchi, sajenti wake alilishona lile shati kwa mkono wake mwenyewe.

Kamanda akalitazama lile shati. "Kama alianguka," akauliza, "sajenti wako alikuwa anashona nini?"

Mkuu akavuta pumzi nyingi. Nilikuwa nimeketi si mbali, nikasikia kifungo cha suruali kikiachia. Sikukishona mimi kile, nataka ieleweke.

Sijui kamanda aliguswa na haki au aliguswa na simu za vijana zilizokuwa zimeinuliwa uwanja mzima. Huenda yote mawili. Aliagiza palepale uchunguzi uanze upya na usifanywe na kituo kile. Magesa akapimwa na daktari mwingine. Watu waliokuwa mahabusu siku ile wakatafutwa, wakasema walichokisikia ukutani. Pasi akavuliwa sare, akapelekwa mahakamani kama mtu yeyote.

Tuliitwa kutoa ushahidi, mimi na wanawake wa magauni. Msidhani nilipiga hotuba. Wakili wa Pasi aliniuliza kama niliona mtu akipigwa, nikasema sikuona. Akaniuliza kama nina chuki na polisi, nikasema wananidai suruali saba. Watu wakacheka, hakimu akaniambia nijibu swali. Nikasema basi tu nililolisikia kibarazani kwangu, maneno yale yale, nikashuka kizimbani. Wenzangu wakasema vilevile. Pasi alipopewa nafasi, wakili wake akitaka akane, alisema mama fundi amesema kweli. Mpaka leo sijui niliweke wapi neno lile. Nimemhesabia kama jema, lakini sijamsamehe kwa niaba ya mtu mwingine, hiyo siyo kazi ya fundi.

Akafungwa, na kazi akapoteza. Mkuu wa kituo alihamishwa, na kwa uchungu mkubwa akapewa kituo kikubwa zaidi, chenye viyoyozi. Na yule aliyemwagiza Pasi siku ile, kama alikuwepo, hakuna aliyemuuliza. Swali hilo lilifika mlangoni kwake likaambiwa lirudi juma lijalo.

Mimi nikalipa kidogo. Kaki ilitoweka mezani kwangu. Leseni yangu ikakaguliwa mara kwa mara, na watu waliokuwa hawajawahi kujua kwamba nina leseni. Nilishona sare za shule na mashuka ya hospitali, nikala dagaa, nikangoja. Baadaye wakaanza kurudi, mmoja mmoja, jioni jioni, suruali kwenye mfuko. Moyo unaweka kinyongo, lakini tumbo haliwezi, linazidi kukua na linahitaji fundi. Nikawapima. Nikawauliza habari za watoto.

Magesa mashati yake namshonea bado, ingawa kazi nimeshaiacha, ni yeye tu na padre. Nataka mjifunze hili, maana mtakutana na mikono ya namna hii. Mkono usiopanda hauingii kwenye shati la kawaida. Mke anamvalisha kama mtoto na mtu mzima anaona aibu. Usipanue kwapa, litaonekana gunia. Fungua mshono wa bega lote, kuanzia kola mpaka mwanzo wa mkono, weka vifungo vidogo, ufunike na kipande cha kitambaa kama vile ni urembo. Mtu anauingiza mkono ukiwa umelala, anafunga mwenyewe kwa mkono mwingine. Nilipompa la kwanza alijifungia nyuma ya pazia langu muda mrefu. Akatoka amevaa. Akaniuliza kwa nini nimeweka vifungo vyeupe.

Juzijuzi Nyangeta alikuja kuchukua shati jingine la Magesa. Kulikuwa na jambo nililolisikia kwa vijana wa bodaboda, nikasita kumwambia, nikamwambia. Wanasema siku hizi kuna vituo ambavyo vimejifunza. Wakimwingiza mtu, kabla ya kumgusa wanamvua shati kwanza, wanalikunja vizuri, wanaliweka pembeni, na akitoka wanamrudishia halina hata mkunjo.

Nyangeta alisikiliza mpaka mwisho. Akalifunga shati jipya kwenye kanga, akakaza fundo, akasimama.

"Basi," akasema, "tutawapelekea mgongo wenyewe."